Mshahara ukianza kukatwa kwa mkopo wa chuo, Uganda

Sheria ya mwaka 2014 inamtaka mwajiri akate deni la mkopo wa serikali wa masomo kwenye mshahara wako, kwa hiyo kugombana na mhasibu ni kupoteza muda. Mwombe nakala ya barua ya makato, kisha chukua taarifa ya mkopo kwa waliokukopesha na uilinganishe na hati ya mshahara, mwezi kwa mwezi. Hapo ndipo makosa huonekana: pesa imekatwa lakini haikufikishwa, au imeingia kwenye akaunti ya mwingine kwa kosa la tarakimu moja ya NIN, namba ya kitambulisho cha taifa. Wapelekee waliokukopesha malalamiko kwa maandishi, na hati zote.

Julai hadi Oktoba kodi ya huduma za mtaa nayo hukatwa, usiidhanie mkopo. Makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 5 ya mshahara.

Ukibaki na kidogo mno, omba awamu ndogo mapema, kabla malimbikizo hayajavimba.