Unataka kuigiza mama wa vichekesho? Anzia hapa

Kwanza acha kutafuta joki, tafuta mtu. Mwangalie Mary Khavere kwenye Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha runinga ya KBC ya Kenya, yule Mama Kayai, akibishana na Mzee Ojwang (marehemu Benson Wanjau, Mkikuyu aliyeongea Kiswahili cha lafudhi ya Kijaluo mpaka watu wakaapa ni Mjaluo), utaona mama hachekeshi, yeye amekasirika kwelikweli na sisi ndio tunacheka. Sasa nenda sokoni ukae karibu na muuza nyanya, sikiliza anavyovuta neno "ati niniiii?" huku anajifunga leso upya kiunoni, hiyo leso ni nusu ya kazi aisee. Fanya hivyo hivyo nyumbani hadi mkono uzoee wenyewe.

Jukwaani, tuseme pale Kenya National Theatre, sauti ifike kiti cha mwisho na watu wakicheka ngoja, usiongee juu ya kicheko, mimi nilipoteza laini tatu za maneno yangu hivyo. Kwa kamera punguza kila kitu, nyusi moja inatosha. Pesa? Mwanzoni kidogo sana, michezo ya setibuku (vitabu vya fasihi wanavyotahiniwa wanafunzi) mashuleni ndiyo itakulipia nauli.