Kupeleka mzigo dampo la taka zisizo hatari hapa Uingereza, fanya hivi usirudishwe mizani

Wadau mnaofanya kazi za kuvunja na kusafisha nyumba hapa Uingereza (Uskoti na Wales wana utaratibu wao), hili jambo linatuumiza wengi. Mwaka juzi mzigo wangu ulirudishwa kwenye mizani, vani imejaa, mafuta yameungua, siku imeisha, kisa vipande vya jipsamu vimechanganyika na taka za jikoni. Nililia machozi kabisa.

Kwanza, kabla hujapigia simu dampo, ijue namba ya taka yako. Kila taka ina namba ya tarakimu 6, na ikiwa na kinyota mwishoni hiyo ni ya hatari. Taka mchanganyiko za nyumbani ni 20 03 01, udongo wa kawaida ni 17 05 04, ila udongo uliomwagikiwa mafuta au kemikali unaweza kuwa 17 05 03* na hapo ndo unahitaji maabara. Sasa sikilizeni vizuri maana hapa ndo hela zinapotea: watu wanaagiza kipimo cha WAC (cha kuona kama taka inafaa kupokelewa dampo) wakidhani kitawaambia kama udongo ni wa hatari, jamani hapana, WAC inaangalia nini kinatoka kwenye taka ikilowa maji, unakuja kuitumia ukishajua taka yako iko kundi gani. Kujua kundi unapima kilichomo kwenye udongo wenyewe. Ukianza na WAC utalipa mara 2.

Pili, chambua. Tangu 30 Oktoba 2007 haya madampo hayapokei taka ambayo haijashughulikiwa kwanza, na kuchambua kwa mkono kunahesabika ilimradi kuna vitu vimetoka kwenda kurejelezwa. Vimiminika hawapokei kabisa, vinavyolipuka au kuwaka hawapokei, taka za hospitali zenye maambukizi pia. Matairi mazima yalikatazwa 2003 na yaliyokatwakatwa 2006, ya baiskeli tu na yale makubwa yanayozidi mita 1.4 ndo yameachwa. Makochi ya kitambaa au sponji yenye zile kemikali za kuzuia moto yanatakiwa kuchomwa, usiyachanganye na kitu kingine. Na karatasi, chuma, plastiki na vioo vilivyokusanywa pembeni kwa ajili ya kurejelezwa usivirudishe dampo.

Jipsamu, 17 08 02, sio taka ya hatari lakini lazima ikae shimo lake peke yake, kwa sababu ikikutana na vitu vinavyooza inatoa gesi ya sumu yenye harufu ya yai bovu. Asbesto yenyewe ni ya hatari, 17 06 05*, ila baadhi ya haya madampo yana shimo maalum lenye kibali, kwahiyo uliza kwanza na ujue makaratasi yake ni mengine.

Tatu, jisajili Environment Agency, ile mamlaka ya mazingira, kama mbebaji wa taka. Usidanganyike na ule usajili wa bure, ukibeba taka za watu au za ujenzi, hata ulizovunja mwenyewe, unatakiwa ule wa juu, unauhuisha kila miaka 3.

Nne ndo fomu ya kukabidhiana taka, ile waste transfer note. Andika taka ni nini, namba yake, kiasi, imefungwaje, majina na anwani za pande zote mbili, namba yako ya usajili, mahali, tarehe na saa, msaini wote. Usiandike "taka mchanganyiko" ukaishia hapo, eleza ni mbao, matofali, zulia, yule wa mizani anataka kuona karatasi inafanana na anachokiona kwenye vani.

Ukifika unapimwa uzito unalipa, na humo kuna kodi ya serikali, kwa mwaka ulioanza Aprili 2025 ilikuwa pauni 126.15 kwa tani, ya chini pauni 4.05 kwa udongo safi na kokoto. Karatasi zitunze miaka 2, mimi nazipiga picha siku hiyohiyo maana zikilowa kwenye vani wino unafutika wote.