Namna ya Kufunga Mwamba wa Pweza bila Kumuumiza Anayeutegemea

Kijiji cha pwani kinachotaka kuanza kuhifadhi bahari yake hakina kiumbe bora wa kuanza naye kuliko pweza. Aina inayovuliwa zaidi kwenye miamba ya Afrika Mashariki, ambayo wataalamu huiita Octopus cyanea, huishi mwaka mmoja au mwaka na nusu hivi, hukua upesi mno, na jike hutaga mara moja tu maishani: huyalinda mayai shimoni bila kwenda mawindoni, na yakishaanguliwa hufa. Chewa huhitaji miaka mingi ya kulindwa kabla mvuvi hajaona tofauti katika ndoana yake, ilhali mwamba wa pweza uliofungwa usivuliwe kwa miezi mitatu humpa mtu mzigo mzito zaidi siku unapofunguliwa, na hilo humfanya akubali kusikiliza habari za hifadhi nyingine zilizo ngumu zaidi.

Utaratibu huu ulijulikana sana kutokana na kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, kilichofunga sehemu ya miamba yake mwaka 2004. Baadaye ulifika kwetu, na vijiji kama Kisiwa Panza kule Pemba na vile vya kisiwa cha Pate, Lamu, vimeufuata. Palipofanikiwa na palipovunjika, tofauti kubwa haikuwa elimu ya bahari. Ilikuwa ni swali la nani aliyeibeba gharama ya miezi ile ya kusubiri, na hapo ndipo kamati inapaswa kuanzia, kabla ya kununua hata boya moja.

Orodhesheni kwanza wote wanaoutegemea mwamba mnaofikiria kuufunga, na mwandike kila mmoja anaufikia vipi. Mzamiaji mwenye miwani na mkuki anaweza kuhamia mwamba mwingine wenye kina, na mwenye ngalawa na mshipi anaweza asiguswe kabisa. Mwanamke anayechokoa pweza kwa miguu hana nafasi hiyo, kwa kuwa huufikia mwamba siku za bamvua pekee, maji yanapokupwa sana, na miezi mitatu ya kalenda kwake ni bamvua sita hivi. Kikao kinachosema kwamba "wavuvi wamekubali" huku waliokuwapo ni wazamiaji na wenye vyombo tu kimeamua juu ya riziki ya mtu asiyekuwepo. Itisheni kikao cha wanawake peke yao, katika saa ambayo hawako pwani wala jikoni, na uamuzi wao uandikwe kwenye muhtasari kabla ya mkutano mkuu. Kumbukeni pia wachuuzi na wale wanaoitwa mama karanga, yaani wanawake wanaokaanga na kuuza, ambao hawashiki mkuki lakini mtaji wao unazunguka kwa pweza wa kila siku, pamoja na tajiri aliyewakopesha wavuvi kwa ahadi ya kuuziwa yeye, maana deni lisiloahirishwa ndilo linalomtuma mtu mwambani usiku.

Hesabu hiyo ndiyo itakayowaongoza katika kuchagua eneo. Msifunge mwamba wote wa kijiji. Chagueni sehemu inayojulikana kuwa na pweza, iliyo karibu kiasi cha kuonekana kutoka ufukweni au kutoka kwenye njia ya vyombo, na iliyo ndogo kiasi kwamba akina mama wanabaki na mwamba mwingine wanaoweza kuufikia kwa miguu. Eneo baya lisilo na pweza halimkasirishi mtu, ndiyo sababu huchaguliwa kwa urahisi vikaoni, lakini siku ya kufungua huwa halina cha kuonyesha. Mipaka itajwe kwa majina ambayo wavuvi wenyewe wanayatumia kwa miamba, mikondo na mafungu ya mchanga, na kisha iwekewe maboya. Ramani ya ofisini peke yake haimsaidii mtu aliye majini.

Muda wa kufunga hupangwa kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kufungua. Tafuteni bamvua kubwa ambapo maji yatakupwa mchana, epukeni siku za sikukuu, kisha hesabuni miezi mitatu kinyumenyume. Wengine hupendelea sehemu ya muda huo iangukie kusi, bahari inapochafuka na wengi hawatoki hata hivyo, na ushauri huo ni mzuri ilimradi ufunguzi wenyewe usiangukie siku za upepo mkali.

Amueni vilevile kinachokatazwa. Madagaska kilichozuiwa hasa ni uvuvi wa pweza, na wavuvi wengine waliendelea na shughuli zao. Binafsi naona ni salama zaidi kuzuia kila uvuvi ndani ya maboya pale kijiji kinapoweza kuumudu, kwa sababu mlinzi aliye mbali hawezi kujua mzamiaji anafuata changu au pweza. Lakini kama katazo hilo litawanyima wavuvi wa mshipi au wa madema sehemu yao ya pekee, waacheni waendelee na mwongeze ulinzi.

Kwa Tanzania Bara, makubaliano ya kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari yapitishwe na mkutano mkuu wa kijiji na kuwekwa katika sheria ndogo zinazoidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Zanzibar njia hupitia kamati ya wavuvi ya shehia, na Kenya hupitia sheria ndogo za kikundi cha usimamizi wa ufuo. Msiruke hatua hii, kwa sababu faini isiyo na nguvu ya kisheria hulipwa na mnyonge peke yake. Pelekeni taarifa kwa vijiji jirani na kwa wageni wa dago, yaani wavuvi wanaohamia kwa muda kuvua, mapema. Doria inayofanywa kwa kujitolea huchoka ndani ya wiki chache, kwa hiyo tengeni fedha ya mafuta na posho, ikiwemo ya usiku.

Siku ya kufungua ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Habari husambaa, vyombo vya vijiji vingine hufika alfajiri, na wazamiaji wanaweza kuumaliza mwamba kabla maji hayajapwa kiasi cha mwanamke kuingia. Kwa hiyo wekeni saa ya kuanza, itangazwe kwa bendera au filimbi, na siku za kwanza ziwe za wanaokwenda kwa miguu kabla ya wazamiaji kuruhusiwa. Wageni walipe ushuru uliokubaliwa, na ushuru huo urudi kwenye doria. Zungumzeni na wanunuzi zaidi ya mmoja wiki kadhaa kabla, mkubaliane bei na barafu, kwani pweza wengi wakitua siku moja bila barafu, mnunuzi mmoja hujipangia bei anayoitaka.

Pweza wote wapimwe kwenye mizani moja mbele ya watu. Kanuni za Tanzania zinakataza kuvua pweza aliye chini ya gramu 500, na siku hii ni nafasi ya kuifanya kanuni hiyo ionekane. Jike anayelalia mayai hujifungia shimoni kwa mawe, anayemtambua amwache. Kila mzigo uandikwe uzito, idadi, eneo na kama aliyevua alikwenda kwa miguu au kwa kuzamia. Safu hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika, ingawa ndiyo itakayoonyesha kama akina mama walirudishiwa walichosubiri.

Bamvua moja baada ya ufunguzi, someni daftari hadharani, pamoja na mapato na matumizi ya ushuru. Ikiwa sehemu ya waliokwenda kwa miguu imepungua kuliko ilivyokuwa kabla ya kufunga, ongezeni siku zao za mwanzo au hamisheni maboya kabla hamjapanga tarehe ya kufunga tena. Ikiwa wengi wa waliopimwa ni wadogo, ulinzi ulivuja au muda ulikuwa mfupi, na daftari la doria litasema ni lipi kati ya hayo mawili.