Insha ya Maelezo: Kumfundisha Mwanafunzi Kuandika, Kisha Kuandika Upya

Ninafundisha Kiswahili kidato cha pili hapa Dodoma. Wanafunzi wengi huja wakiwa wamekariri utangulizi, kiini na hitimisho, lakini hawajawahi kuirudia insha yao baada ya kuikusanya. Kwa hiyo insha moja naipa wiki mbili, na sehemu kubwa ya muda huo ni ya marekebisho.

Hatua ya 1: Wape swali. Kichwa kama "Zabibu" huzaa sifa tupu: zabibu ni tamu, zabibu ni nzuri. "Kwa nini zabibu hustawi Dodoma?" humlazimisha mwanafunzi kueleza.

Hatua ya 2: Wakusanye habari. Wenye ndugu wanaolima Hombolo au Makutupora waulize nyumbani. Wengine wafungue vitabu vya jiografia. Andika ubaoni wanachokileta: mvua ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, hewa kavu hupunguza magonjwa ya ukungu, mzabibu hupogolewa ili uchipue na kuzaa, mavuno huwa mara mbili kwa mwaka. Kila mmoja achague hoja tatu tu.

Hatua ya 3: Jibu kwa sentensi moja. Anayeshindwa kuiandika bado hajawa na la kueleza. Arudi hatua ya 2.

Hatua ya 4: Rasimu. Kila aya ibebe hoja moja. Waandike kwa kuruka mstari, pabaki nafasi ya kusahihisha.

Hatua ya 5: Marekebisho ya hoja. Hapa usiwe na haraka. Wabadilishane madaftari wawili wawili. Msomaji ana kazi moja: akikuta dai lisilo na sababu, aandike pembeni "kwa nini?" au "vipi?" Tahajia asiiguse. Tazama aya hii:

"Dodoma ina hali ya hewa nzuri kwa zabibu. Hali ya hewa ni muhimu sana kwa mazao. Kwa hiyo wakulima hulima zabibu."

Mwenzake akiuliza "nzuri vipi?", aya inaweza kuwa hivi:

"Sehemu kubwa ya mwaka Dodoma haina mvua. Hewa ikiwa kavu, majani na vichala havikai na unyevu kwa muda mrefu, hivyo ukungu hauenei kwa urahisi. Ndiyo maana zabibu zinazoiva kiangazi haziozi ovyo."

Zisome zote mbili kwa sauti, kisha uliza ni sentensi gani imetoweka na kwa nini. Wanafunzi huona uchungu kufuta walichoandika. Wafundishe kukata kwa mstari mmoja bila kuchana ukurasa, ili uone walichokiacha.

Darasa likiwa kubwa, soma aya moja tu katika kila daftari na uandike swali moja. Mtoto atalijibu. Ukurasa uliojaa wino mwekundu huufunga tu.

Hatua ya 6: Lugha. Sasa ndiyo zamu ya tahajia, viunganishi, alama za uandishi na upatanisho wa ngeli ("vichala zimeiva" iwe "vichala vimeiva"). Kila mmoja ajisomee kwa sauti ya chini. Pumzi inapomwishia, aangalie kama kuna nukta au koma iliyosahaulika.

Hatua ya 7: Nakala safi. Ikusanywe pamoja na rasimu, kwa sababu ninazitolea alama zote mbili. Rasimu isiyo na hata neno moja lililokatwa namrudishia mwenyewe, nikiwa nimeandika pembeni "kwa nini?" yangu.