Namna ya kuweka huduma ya afya ya akili na msaada wa kijamii katika kijiji kilicho mbali na Bukavu

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya wahudumu wa jamii, wauguzi wa vituo vya afya, viongozi wa vyama vya akina mama na watu wa makanisa wanaofanya kazi katika vijiji vya Kabare, Walungu, Kalehe na Idjwi, huku Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo. Huko, mgonjwa wa akili akizidiwa, ndugu zake hubaki na njia chache: kumfunga kamba, kumpeleka katika chumba cha sala, au kuuza mbuzi ili wapate nauli ya kumfikisha mjini. Bukavu kuna Sosame, hospitali ya magonjwa ya akili inayoendeshwa na watawa wa Frères de la Charité. Kuna pia Panzi, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyetunukiwa tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2018, ambako wanawake waliobakwa hupata matibabu, msaada wa kisaikolojia na msaada wa kisheria chini ya paa moja. Lakini hospitali ya mjini haiwezi kumfuata kila mgonjwa hadi mlimani kwake. Wengi niliowaona wakipotea walipotea baada ya kurudi nyumbani wakiwa nafuu, dawa zilipokwisha na kukosekana mtu wa kuuliza habari zao. Kwa hiyo kila hatua ninayoieleza hapa ina shabaha moja, yaani kumpata mtu atakayeuliza.

Kabla ya kufungua mlango

Anza na muuguzi mkuu wa kituo cha afya, yule ambaye wengi humwita titulaire, na kupitia kwake umfikie daktari mkuu wa eneo la afya. Kivu Kusini ina maeneo ya afya 34, na kila moja lina hospitali yake kuu ya rufaa na vituo vyake vidogo. Huduma iliyoanzishwa nje ya mpangilio huo hufa siku mradi unapoondoka, kwa kuwa dawa zake, daftari zake na watumishi wake havimo katika hesabu ya mtu yeyote. Kisha nenda kwa chifu wa kijiji na kwa viongozi wa nyumba kumi. Waeleze kazi kwa uwazi, uwaombe ruhusa na ulinzi, lakini usiwape kazi ya kuandika orodha ya watakaohudumiwa. Orodha iliyotoka kwa chifu huwa na ndugu zake wa kwanza hadi wa kumi, na mjane anayeishi pembeni ya kijiji hayumo.

Baada ya hapo tumia wiki mbili au tatu kuuliza swali moja tu nyumba kwa nyumba: mtu wa hapa akielemewa na mawazo, huenda kwa nani? Utatajiwa mkunga, katekista, mchungaji, mganga wa mitishamba, mwenyekiti wa chama cha kuweka na kukopa (wenyewe wanasema AVEC), na karibu kila mara utatajiwa mama mmoja mzee asiye na cheo chochote ambaye huketi na wafiwa. Huyo mama usimwache. Ameshaaminiwa tangu zamani, na semina ya siku tano haimpi mtu imani ya namna hiyo.

Tazama pia kalenda ya kijiji. Mvua za Septemba zikianza, watu wote wako shambani, na siku ya soko hakuna atakayekuja kukaa kwenye benchi akueleze huzuni yake. Mimi mwenyewe niliwahi kuita kikao cha kwanza siku ya soko la Mugogo, nikakaa na watoto wanne na mbwa hadi saa nane mchana.

Chumba na njia ya kukifikia

Usijenge nyumba ya peke yake yenye kibao cha afya ya akili au cha wahanga wa ubakaji. Kijijini kibao humtambulisha mgonjwa kabla hajafungua mdomo. Omba chumba ndani ya kituo cha afya, karibu na wanakopimwa watoto au wanakosubiri wajawazito, ili anayeingia aweze kuwa amekuja kwa sababu yoyote. Gari lenye nembo la shirika liachwe kituoni. Likisimama mbele ya nyumba ya mama, kufikia jioni mlima mzima umejua, na mume wake amejua kabla ya wote. Nenda kwa miguu, ukiongozwa na mhudumu wa afya wa kijiji ambaye watu wamezoea kumwona akipita na habari za chanjo.

Faili ziandikwe kwa namba. Daftari linalounganisha namba na majina likae katika sanduku lenye kufuli, na funguo ziwe mbili tu. Katika maeneo ambayo wenye silaha hupita, daftari la majina ya waliobakwa linaweza kuua, na ndiyo sababu sikubali mtu aniambie kwamba tahadhari hii ni urasimu.

Kuuliza kwa lugha ya mtu

Kiswahili kinatosha sokoni, lakini huzuni ya Mshi hutoka kwa Kishi, na ya Mhavu hutoka kwa Kihavu. Mhudumu wako awe mtu wa lugha hiyo, au awepo mkalimani aliyeapishwa kutunza siri na asiyekuwa ndugu wa mgonjwa. Mtoto kamwe asimtafsirie mama yake.

Maneno ya hospitali yaache hospitalini. Ukimwuliza mtu kama ana sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, atakutazama tu, ilhali ukisema, “Mama Bahati, usiku unapitaje?” ataanza kueleza. Endelea kwa kazi za kila siku: shamba amelifikisha wapi, bado anapika, bado anakwenda sokoni, bado anaketi na wenzake, ni kazi gani aliyokuwa akiifanya mwaka jana ambayo sasa imemshinda. Majibu hayo yanakupa kipimo cha kweli, maana baada ya miezi miwili utarudi kwenye kazi zile zile na kuona ipi imerudi. Watu wengi watakuja na maumivu ya mwili, kifua kinachobana, kichwa kinachogonga, mgongo unaowaka, na ni lazima titulaire awapime kwanza, kwa sababu malaria na upungufu wa damu navyo huleta uchovu na huzuni.

Nani apewe nini

Si kila mwenye machozi anahitaji dawa, wala hata kikao cha kisaikolojia. Baada ya msiba mkubwa, kama mafuriko yaliyovikumba Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe tarehe 4 Mei 2023 na kuua watu zaidi ya 400, kitu cha kwanza ni turubai, chakula, maji, kuwatafuta waliopotea na kuwapa nafasi walio hai waomboleze kwa desturi yao. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 unafundisha mambo matatu, yaani kutazama, kusikiliza na kuunganisha, na hilo la tatu ndilo linalosahaulika: kumfikisha mtu kwa anayegawa mablanketi ni sehemu ya tiba. Usimlazimishe mtu kusimulia alichokiona.

Wale ambao baada ya wiki kadhaa bado hawawezi kufanya kazi zao ndio wa vikao. Ipo njia ya vikao vitano iliyochapishwa na Shirika hilo mwaka 2016, ambayo inaweza kuendeshwa na mtu asiye mtaalamu akifundishwa na kusimamiwa. Humfundisha mtu kutuliza pumzi, kugawanya tatizo katika vipande vidogo, kurudia shughuli alizoziacha na kuwatafuta watu wa kumshika mkono. Kwa waliopitia ubakaji, Kivu yenyewe imetoa ushahidi. Utafiti uliofanyika katika vijiji vyetu na kuchapishwa mwaka 2013 ulilinganisha tiba ya vikundi, yenye vikao 12, na msaada wa mtu mmoja mmoja. Wahudumu walikuwa wanawake wa hapa wasio na shahada, na wanawake wengi waliohudumiwa hawakujua kusoma, hivyo mazoezi yalifanywa kwa kuyakariri. Miezi sita baadaye, waliokuwa bado na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9 katika vikundi, na asilimia 42 katika msaada wa mmoja mmoja. Kila ninapoambiwa kwamba mlimani haiwezekani kwa kuwa hakuna wanasaikolojia, hujibu kwa tarakimu hizo mbili. Nyongeza ni hii tu: wahudumu wale hawakuachwa peke yao, walikuwa na wasimamizi juu yao muda wote.

Kundi la tatu ni la wachache, nalo ndilo linalohitaji dawa: mwenye kifafa, aliyerukwa na akili, na aliyezama katika sonona hata haamki kitandani. Tangu mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lina mpango wa kuwafundisha wauguzi wa kawaida kuwatibu watu hawa katika vituo vya kawaida, na titulaire wako anaweza kufanya hivyo akipata mafunzo na daktari wa kumwuliza. Wewe usiye muuguzi hugawi dawa, lakini ni lazima uzijue, kwa kuwa maswali yataulizwa kwako njiani.

Fenobarbitali ya kifafa hunywewa kila siku na haikatizwi ghafla. Ikikatizwa, degedege inaweza kurudi mfululizo na kuua. Kwa hiyo familia ipewe akiba ya kutosha siku chache kupita tarehe ya kurudi, maana mvua hukata barabara na mashua ya Idjwi haingoji mtu. Waambie na majirani kwamba kifafa hakiambukizi kwa mate, wasiogope kumwokoa aliyeanguka motoni. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na mgonjwa asiyeambiwa hivyo huziacha siku ya sita akisema hazifai. Haloperidoli, dawa ya aliyerukwa na akili, inaweza kukaza shingo, kupotosha macho au kutetemesha mikono. Familia isiyojua jambo hili husema mgonjwa ametiliwa sumu, wanamwondoa usiku, na hutamwona tena. Dakika tano za kueleza madhara hayo mapema, mbele ya mtu atakayesimamia dawa nyumbani, zina thamani kuliko faili zima.

Wachungaji na waganga

Usianze kwa vita. Mtembelee mchungaji mwenye chumba cha sala, mheshimu, umsikilize, kisha umwombe mambo mawili: asimfunge mtu minyororo wala kumnyima chakula, na aruhusu dawa zinywewe humo humo wakati wa maombi. Wengi hukubali, hasa baada ya kumwona mgonjwa mmoja aliyepona. Asiyekubali, hasa penye kipigo au mtoto aliyeitwa mchawi, apelekwe mbele ya vyombo vya sheria. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya mwaka 2009 iko wazi kuhusu mtoto anayesingiziwa uchawi.

Mambo yasiyongoja

Aliyebakwa afike kituoni ndani ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazifanyi kazi zikianza baada ya hapo. Akichelewa, bado anastahili matibabu mengine na kusikilizwa. Uamuzi wa kushtaki ni wake.

Mtu akisema amechoka kuishi, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua na kwa njia gani. Swali hilo halimtii wazo, humpunguzia mzigo. Akikubali kwamba anafikiria hivyo, asiachwe peke yake usiku huo; ndugu waondoe nyumbani dawa ya wadudu ya shambani na kamba, na kesho yake apelekwe kwa titulaire, huku mtu wa kumsindikiza akiwa ametajwa kwa jina. Neno “tutamsindikiza” halitoshi, lina watu wengi mno.

Wahudumu na daftari

Mhudumu anayesikiliza habari nzito siku tano kwa juma naye huumia, tena mara nyingi amepitia yale yale. Mpe siku moja ya kukutana na wenzake na msimamizi kila wiki mbili, mlipie nauli yake kwa wakati, na usimpe watu wengi kuliko anavyoweza kuwatembelea kwa miguu. Mjini msimamizi huwaza kwa idadi ya faili, lakini mlimani hesabu hufanywa kwa saa za kupanda na kushuka.

Kila mwisho wa mwezi kaa na titulaire, mama mzee na wahudumu, mfungue daftari. Waliokuja msiwajadili sana. Pitieni namba za wale ambao tarehe yao ilipita bila wao kuonekana, mmoja baada ya mwingine, na kando ya kila namba andikeni nani atakwenda na siku gani. Mkutano usifungwe kabla mstari wa mwisho haujapata jina.