Namna ya Kuandaa Kozi ya Pacha wa Kidijitali kwa Wanafunzi wa Kompyuta

Pacha wa kidijitali ni nakala ya kitu halisi ndani ya kompyuta, inayobadilika kadiri data ya kitu hicho inavyoingia. Kabla ya kupanga mada za muhula, chagua kitu kimoja halisi ambacho wanafunzi wanaweza kukifikia kwa daladala. Kwa mhadhiri aliye Mwanza, napendekeza kizimba cha sato ziwani, kwa kuwa hali yake hubadilika saa hadi saa na mwenye nacho hupata hasara ya kweli samaki wanapokosa hewa.

Wiki mbili za kwanza zitumike kutenganisha mambo matatu yanayochanganywa mno. Kielelezo cha kidijitali hulishwa data kwa mkono. Kivuli hupokea data moja kwa moja kutoka kizimbani, lakini hakirudishi chochote. Pacha hupokea na pia huamuru: huizuia mashine ya kulishia isimwage chakula alfajiri, wakati oksijeni majini imepungua kabisa kwa sababu mwani umeivuta usiku kucha pasipo jua la kuuwezesha kutengeneza nyingine. Mwanafunzi asiyeweza kueleza tofauti hiyo asiruhusiwe kugusa programu. Historia itoshe nusu kipindi: wazo la pacha lilitolewa na mtaalamu Michael Grieves nchini Marekani mwaka 2002.

Muda mrefu zaidi upewe data mbovu. Niliwahi kuona grafu ya oksijeni ikishuka taratibu kwa siku nne, darasa zima likaamini samaki wanakufa. Tulipokivuta kihisi, yaani kifaa kinachopima oksijeni majini, hadi mtumbwini tulikikuta kimevaa utelezi wa kijani, na tulipokipangusa namba zilipanda. Kwa hiyo kila kundi lisafishe kihisi chake, lilinganishe vipimo na mita ya mkononi na kuandika daftarini. Mtandao ukikatika, kifaa kihifadhi kila kipimo pamoja na saa yake, na pacha atambue kuwa data aliyonayo imepitwa na wakati, aache kuamuru.

Anzeni na mlinganyo mwepesi wa oksijeni inayoingia na inayotoka, ambao mwanafunzi anaweza kuuhoji mstari kwa mstari. Ujifunzaji wa mashine, yaani kompyuta kujifunza yenyewe kutokana na data, ufuate baadaye.

Katika mtihani, ficha vipimo vya wiki moja, pacha atabiri oksijeni ya kila alfajiri, na kosa lake liandikwe kwa miligramu kwa lita. Kisha zima mtandao bila taarifa. Mwenye kizimba naye aketi miongoni mwa watahini, aulize swali lake mwenyewe: kesho nilishe saa ngapi?