Kupaka rangi chumba cha watoto mwaka mpya

Kila mwaka mpya mimi na wanangu tunapaka rangi chumba kimoja tu. Viwili hutuchosha, kazi ikaharibika. Subira inahitajika zaidi kwenye ukuta wenyewe. Uoshe kwa maji ya sabuni, uache ukauke, ziba nyufa kwa pati, kisha piga msasa mpaka kiganja kisihisi kovu lolote. Futa vumbi. Usiharakishe hapa, maana rangi mpya haifichi ufa. Fungua madirisha. Anza pembeni kwa brashi, halafu rola, mara mbili, nyembamba. Ya kwanza ikauke kabisa kabla ya kurudia. Mwanangu wa mwisho nampa sehemu ya chini, usawa wa kifua chake. Alama za vidole vyake vya mwaka jana ziko nyuma ya mlango. Pale sipaki.